Nyumba moja, kaya sita

Karani wa sensa akipiga hodi kwenye nyumba ya Kiswahili, zile za Magomeni au Temeke, Dar es Salaam, huuliza: "Hapa mna kaya ngapi?" Mwenye nyumba hujibu haraka, "Moja," maana paa ni moja na mlango wa mbele ni mmoja. Lakini ingia ndani. Ukumbi umepita katikati, vyumba vitatu kulia, vitatu kushoto. Uani yamepangwa majiko sita ya mkaa, kila moja na mwenyewe. Hizo ni kaya sita. Nyumba ni jengo. Kaya ni watu wanaoishi pamoja na kula chungu kimoja, na anayeishi na kupika peke yake naye ni kaya kamili. Tukiyachanganya maneno haya, hesabu ya watu nayo inaharibika.

Pwani ya Kenya neno hilohilo lina uzito mwingine. Kwa Wamijikenda, kaya ni makao ya mababu yaliyojengwa ndani ya msitu na kuzungushiwa boma, kama Kaya Kinondo na Kaya Fungo. Watu walishahama, ila wazee bado huingia kutambika. Mwaka 2008 UNESCO iliitia misitu hiyo katika Urithi wa Dunia.

Tembe na msonge nazo tunaziita "vibanda vya asili", na hapo tunawakosea waliozijenga. Tembe ya Wagogo ina paa bapa la udongo juu ya boriti, lifaalo nchi ya ukame. Msonge wa Wahaya ni wa duara, nyasi zimeshuka hadi karibu na ardhi, kwa sababu Bukoba mvua ni nyingi.

Neno ninaloliombea uhai zaidi ni mahame. Siku hizi nasoma "kijiji kilichoachwa na wakazi wake", maneno matano kwa kazi ya moja. Hame limetokana na kuhama, na si gofu: gofu lina kuta, kama Gede na Kilwa Kisiwani. Operesheni Vijiji ya miaka ya 1970, iliyowahamishia watu katika vijiji vya ujamaa, iliacha mahame mengi Tanzania. Nyumba za miti na udongo zilibomoka zikaisha. Ukipita leo utaona miembe iliyopandwa kwa mstari, jiwe la kusagia limezama nusu ardhini, na makaburi ambayo wenyewe bado huja kuyafyekea.