Mtutu mrefu hauongezi kasi kila mara
Huku Liwale, waliozoea bunduki za kufukuza nguruwe pori mashambani husema: mtutu ukiwa mrefu, risasi inakimbia zaidi. Kwa bunduki kubwa, mara nyingi ni kweli. Kwa pointi ishirini na mbili (.22), yaani bunduki ya risasi ndogo, hapana. Ganda la risasi yake lina baruti kidogo mno. Risasi ikishasafiri kama sentimita 40, gesi imekwisha nguvu. Kuanzia hapo msuguano wa chuma unaishinda, na risasi hupungua kasi ikiwa bado ndani! Ndiyo maana mtutu wa sentimita 65 unaweza kuirusha polepole kuliko wa 45. Hata mitutu ya urefu uleule hutofautiana, tundu la mmoja likibana zaidi. Faida ya urefu ni kulenga: alama mbili za kulengea zikiachana, kosa dogo huonekana.