Ufunguo wa USB wa programu sio flashi

Watu wengi bado wanaamini kale kaufunguo ka USB kanakokuja na programu za bei mbaya, zile za kuchora majengo, za muziki na kadhalika, eti ndo kamebeba programu yenyewe, kwa hiyo ukikopi vilivyomo kwenye flashi nyingine umemaliza kazi. Hapana jamani. Programu inakaa kwenye kompyuta kama kawaida, unaweza kuiweka hata kwenye mashine kumi, ila itafunguka pale tu ufunguo ulipochomekwa.

Ndani kuna chipu yenye siri ambayo haitakiwi kutoka nje. Programu inatuma swali, yaani namba ya kubahatisha, chipu inaipigia hesabu kwa ile siri na kurudisha jibu, na swali linabadilika kila mara kwa hiyo hata ukirekodi majibu ya leo kesho hayakusaidii kitu. Ndo maana nyingi ukichomeka wala hazitokei kama diski, faili la kukopi utalitoa wapi?

Wanaovunja ulinzi huu mara nyingi wanachokonoa programu yenyewe iache kuuliza, chipu hawaigusi. Na ukiupoteza ufunguo, usitegemee bekapu, kampuni nyingi zinahesabu leseni nayo imepotea.