Mhandisi Mwandamizi wa Programu Si Fundi wa Tovuti

Wengi hudhani mhandisi mwandamizi wa programu katika chombo cha habari ndiye anayepandisha habari na kubadilisha picha. Hapana. Hayo hufanywa na wahariri. Yeye hujenga mfumo wanaoutumia, na hasa huuandaa kwa saa ile ambayo tukio kubwa limetokea na wasomaji wanafurika.

Kurasa huhifadhiwa nakala kwenye seva za kati, yaani kompyuta zinazosimama kati ya wasomaji na hifadhidata (ghala kuu la habari zote), ili hifadhidata isielemewe. Nakala ikidumu sekunde 30, mambo huenda vizuri. Ikidumu saa nzima, kichwa cha habari chenye kosa huendelea kusomwa hata baada ya mhariri kukisahihisha. Dawa ni kuifuta nakala mara tu habari inapohaririwa. Tena, nakala zote zikiisha muda kwa pamoja, maombi yote huiangukia hifadhidata kwa mkupuo, ikazima. Kwa hiyo muda wa kila nakala hutofautishwa kidogo.

Wala si uhandisi wa daraja la pili: Django, zana ya kujengea tovuti inayotumika duniani kote, ilianza mwaka 2003 katika gazeti la Lawrence Journal-World, Kansas, Marekani.