Kumuuliza si kumtia wazo

Sokoni Mwaloni Kirumba, Mwanza, kina mama wakijaza dagaa kwenye magunia, nilimsikia mmoja akimkanya mwenzake: "Usimuulize habari za kujiua, utamtia wazo!"

Hofu hiyo naielewa. Hata baadhi ya wahudumu wa afya wanayo. Lakini si kweli. Mwongozo wa mhGAP, mpango wa afya ya akili wa Shirika la Afya Duniani, uliotoka mara ya kwanza 2010 kwa wahudumu wasio mabingwa wa afya ya akili, unaeleza kwamba kuuliza hakumsukumi mtu kujidhuru. Mara nyingi humpunguzia wasiwasi, akajiona ameeleweka. Leo mafunzo ya namna hii yapo mtandaoni, na muuguzi wa zahanati kule Ukerewe anaweza kuyafuata kwa simu. Natamani na muuza dagaa ayapate.

Aliyefika hatua ya kutaka kujiua, wazo analo tayari. Kulibeba peke yake ndiko kunakomlemea. Keti naye faragha. Anza na unachokiona: "Dada, siku hizi huli, hulali, kuna nini?" Kisha uliza wazi: "Umefikiria kujiua?" Halafu nyamaza, hata kimya kikirefuka. Tafadhali, usimwambie imani yake ni haba.

Akikubali, usimwache peke yake. Ondoeni sumu ya wadudu na dawa zilizomo nyumbani, mpelekeni kituo cha afya siku hiyohiyo. Akikuomba uifiche siri, mwambie kwa upole kwamba hilo hutaliweza, ila utakwenda naye.