Gamba la kuona: umbo, rangi na mwendo kisogoni

Gamba la kuona ni sehemu ya ubongo iliyo nyuma kabisa ya kichwa, kisogoni, inayofasiri yale yaliyopokelewa na macho. Jicho hupokea mwanga, retina, yaani utando ulio ndani nyuma ya jicho, ikaugeuza kuwa ishara za umeme, na kila jicho likazipeleka ishara hizo kwa mshipa wa fahamu wenye nyuzi zipatazo milioni moja. Zinapita kwanza kwenye thalamasi, katikati ya ubongo, ndipo zifike kisogoni. Kwa hiyo mtu akiumia vibaya kisogo anaweza kupofuka ilhali macho yake ni mazima.

Simama gatini Lamu alasiri uitazame mashua yenye tanga jeupe ikielekea Shela. Unaona kitu kimoja. Lakini ndani ya kichwa chako, umbo la mashua, weupe wa tanga na kule kwenda kwake vinashughulikiwa kwa kiasi kikubwa na makundi tofauti ya seli, mengine yakiwa mbali na mengine.

Tuanze na umbo. David Hubel na Torsten Wiesel, wakipima seli za ubongo wa paka mwishoni mwa miaka ya 1950, walikuwa wakiwaonyesha paka hao vidoa vya mwanga bila mafanikio makubwa. Siku moja seli ikalipuka kwa ishara, si kwa sababu ya kidoa, bali kwa kivuli cha ukingo wa kioo walichokuwa wakikiingiza kwenye mashine. Seli ilikuwa inataka mstari, tena wenye mwelekeo wake maalumu. Seli moja huamka kwa mlingoti uliosimama wima, nyingine kwa foromali, ule mti unaoshika tanga, iliyolala mshazari. Kutokana na mistari hiyo midogo, sehemu za mbele zaidi hujenga pembe, mikunjo na hatimaye sura za watu. Kazi hiyo iliwapa sehemu ya Tuzo ya Nobel ya mwaka 1981.

Rangi ina njia yake. Retina ina aina tatu za seli za rangi, lakini hesabu kubwa hufanyika ubongoni, hasa katika eneo ambalo wataalamu huliita V4. Eneo hilo hulinganisha kitu na vilivyokizunguka, na ndiyo sababu tanga linabaki jeupe machoni petu hata jua la magharibi likilimwagia wekundu. Mwaka 1888 daktari wa Uswisi, Louis Verrey, alieleza habari za mama mmoja ambaye, baada ya ubongo kuumia, alipoteza rangi katika nusu ya kulia ya uwanja wake wa kuona. Upande wa kushoto rangi zilikuwepo kama kawaida.

Ila kisa kinachonigusa zaidi ni cha mwendo. Mwaka 1983 watafiti wa Ujerumani waliandika habari za mwanamke anayejulikana kwa herufi L.M. tu. Damu ilikuwa imeganda katika mishipa ya ubongo wake, ikaharibu pande zote mbili eneo linaloshughulikia mwendo, liitwalo V5. Alisoma, alitambua rangi, alijua vitu. Kilichotoweka ni kuona vitu vikienda. Mfikirie akishika dele la kahawa: kahawa inayomiminika ilionekana imeganda kama barafu, na kwa kuwa hakuiona ikipanda kikombeni, hakujua wakati wa kuacha kumimina. Barabarani gari lilikuwa mbali, kisha ghafla liko karibu, bila ya safari katikati. Mtu kama huyo angepata tabu kubwa katika vichochoro vya Lamu, ambako punda hakusubiri umalize kufikiri.

Kinyume chake nacho kipo. Daktari George Riddoch wa Uingereza aliandika mwaka 1917 kuhusu askari waliopigwa risasi kisogoni. Katika upande uliopofuka baadhi yao walihisi kitu kikipita, wala wasiweze kusema kina umbo gani wala rangi gani.

Mgawanyo huu hata hivyo si kuta. Seli nyingi za mwanzo kisogoni hujali mwelekeo na mwendo kwa pamoja, na maeneo yote haya hupelekeana habari huku na huku. Jinsi vyote vinavyoungana kuwa mashua moja bado ni mjadala mkali.

Ukitaka kuuona mgawanyo huo mwenyewe, ngoja maji yapwe kwa kasi. Kazia macho sehemu moja ya mkondo kwa dakika nzima bila kuyahamisha, halafu utazame mawe ya ukuta. Yatatambaa kuelekea upande wa pili, na papo hapo utaona wazi kwamba hakuna jiwe lililohama. Seli za mwendo zilizokuwa zikifuata maji zimechoka, zile za upande wa pili zimepata nguvu kuliko hizo, na za umbo hazikuhusika.