Kabla hujampa wakili hela ya deni lako

Wiki iliyopita mama mmoja muuza ndizi wa soko la Sabasaba hapa Dodoma alinimwagia mezani bahasha ya kaki iliyojaa karatasi. Juu kabisa palikuwa na barua yenye muhuri wa wakili, aliyoilipia laki mbili ili "deni lisimame".

"Hela ulimpa wapi, mama?"

"Mgahawani, mwanangu. Alisema ofisi yake inapakwa rangi."

Nikaliingiza jina lile kwenye e-Wakili, mfumo wa Mahakama unaoonyesha mawakili walioandikishwa. Halimo. Alikuwa kishoka, yaani wakili bandia.

Ukaguzi huo haukugharimu hata senti, na ndio ninaotaka ufanye kabla ya jambo lolote. Wakili halali yuko kwenye orodha, ana namba yake, na cheti chake huhuishwa kila mwaka. Kwa hiyo tazama pia kama cha mwaka huu kipo. Kisha dai makubaliano ya malipo kwa maandishi, na risiti. Anayekwambia "hakimu namfahamu" muage hapohapo. Jambo moja husahaulika sana: angalia ni wakili gani aliyegonga muhuri kwenye mkataba wako wa mkopo. Mara nyingi ni wa mkopeshaji, na huyo hawezi kukupigania.

Sasa deni lenyewe. Wengi wanaokuja kwangu wanataka lifutwe. Mimi sina dawa ya kufuta deni, na anayekuahidi hivyo anakudanganya. Nafuu huanzia kwenye hesabu. Mama huyu alikopa milioni moja kwa riba ya asilimia 20 kwa mwezi, kausha damu hasa, mkopo wa riba ya kukunyonya. Wakopeshaji wadogo wasiopokea amana, yaani wasioweka akiba za watu, wanatakiwa kuwa na leseni chini ya Sheria ya Huduma Ndogo za Fedha ya 2018, na Benki Kuu imewawekea kikomo cha asilimia 3.5 kwa mwezi. Kwa milioni moja hiyo ni shilingi 35,000. Yeye alikuwa akidaiwa 200,000 kila mwezi! Kwa hiyo barua yetu ya kwanza kwa mkopeshaji inaomba vitu viwili: nakala ya leseni na taarifa ya marejesho yote. Baada ya hapo ndipo tutakaa kupanga marejesho mapya, kwa maandishi.

Shauri likifika mahakamani na ukashindwa, bado unaweza kuomba kulipa kwa awamu. Hata mali ikikamatwa kwa hukumu, vyombo vya kupikia, nguo na matandiko ya lazima havikamatwi. Nyumba iliyowekwa rehani haiuzwi ghafla: kuna notisi ya siku 60 kwanza, halafu tangazo la mnada la siku zisizopungua 14, na nyumba ya familia haiwekwi rehani bila ridhaa ya mwenza. Kuomba kutangazwa mufilisi, yaani mtu asiyeweza kulipa madeni yake, kupo, lakini kwa deni la milioni moja sikushauri.

Kama huna hela ya wakili, tafuta msaidizi wa kisheria aliyesajiliwa chini ya Sheria ya Msaada wa Kisheria ya 2017. Huduma yake ni bure.

Yule kishoka tumempeleka polisi, maana kujifanya wakili ni kosa la jinai. Mama alikuwa akiandika kila rejesho nyuma ya daftari la shule la mwanawe. Tulijumlisha pamoja, mstari kwa mstari: ameshalipa 1,460,000. Alinyamaza kidogo, akaniomba nimpigie kopi ya ukurasa ule.