Panya mmoja, madaftari manne: maana ya ushirikiano wa kisayansi porini

Mtego ni kisanduku chepesi cha alumini ambacho mlango wake umejifunga wenyewe usiku. Asubuhi, kabla jua halijawa kali, msaidizi wa utafiti anauinamisha ndani ya mfuko wa kitambaa, anautikisa kidogo, na panya anateremkia humo. Kuanzia hapo mikono haina muda wa kupoteza. Mfuko unaning'inizwa kwenye mizani ya springi. Jinsia inatazamwa. Sikio linatiwa hereni ndogo ya chuma yenye namba, na kipande kidogo mno cha sikio hilo kinadumbukizwa kwenye kichupa chenye spiriti. Brashi inapitishwa manyoyani juu ya sahani nyeupe ili viroboto wadondoke. Mavi yaliyobaki mtegoni yanaokotwa kwa kibanio. Yote hayo ni ya dakika chache, kisha panya anaachiwa palepale aliponaswa, maana ukimwachia mbali umemtupa katika eneo la wenyewe.

Sasa fuata mizigo hiyo inakokwenda. Mavi yanapelekwa kwa anayechunguza homoni au chakula, viroboto kwa mtaalamu wa vimelea, kipande cha sikio kwa mtu wa vinasaba, uzito na namba kwa anayehesabu idadi. Huenda watu hao wanne hawajawahi kukaa meza moja. Hata hivyo huo ndio ushirikiano wa kisayansi katika kituo cha utafiti wa mamalia wadogo: watu wenye maswali tofauti wanamtumia mnyama yuleyule, mahali palepale, kwa utaratibu mmoja, ili majibu yao yaweze kuunganishwa.

Neno la kushikilia hapo ni kuunganishwa. Vyuo viwili vikitia saini hati ya makubaliano na kupiga picha ya pamoja, bado hatujafika. Hata majina kumi juu ya makala moja hayathibitishi kitu, kwani wapo wanaogawana makala kama nyama ya mbuzi, kila mmoja na pande lake. Kipimo changu ni kimoja tu: namba ya hereni iliyo katika daftari la huyu, je, inasomeka katika daftari la yule?

Namba hiyo ina uzito kuliko inavyoonekana. Tuseme wiki hii mmenasa panya 40, mkawatia hereni na kuwaachia. Wiki ijayo mnanasa 50, na kati yao 20 wana hereni. Ikiwa wenye hereni wamechanganyika vizuri na wenzao, basi 20 kati ya 50 ni uwiano uleule wa 40 kati ya panya wote wa eneo, kwa hiyo wote ni kama 100. Hesabu nyepesi, ila inaharibika upesi. Chukulia kuna timu ya pili inayotega hapohapo bila kuwaambia, inawatoa damu panya walewale, na sasa kila aliyewahi kunaswa amejifunza kukiogopa kisanduku. Safari hii kati ya 50 wenye hereni ni 10 tu. Hesabu inakwambia eneo lina panya 200, na hakuna hata kitoto kimoja kilichozaliwa. Timu zote mbili zimefanya kazi kwa bidii na zote zimeandika uongo. Ndiyo maana katika vituo vinavyoendeshwa vizuri kuna ramani ya vitalu ukutani na mtu mmoja msumbufu anayeulizwa kwanza kabla yeyote hajatega popote. Msumbufu huyo ni wa thamani kuliko darubini.

Mfano unaoeleza dhana hii vizuri kuliko wote ni wa mwaka 1993. Pale majimbo ya New Mexico, Arizona, Colorado na Utah yanapokutana, nchini Marekani, watu walianza kufa ghafla kwa ugonjwa wa mapafu, wakiwemo vijana wenye afya njema. Katika muda wa wiki chache wataalamu wa maabara waligundua kuwa ni aina mpya ya hantavirusi, kundi la virusi vinavyobebwa na wanyama kama panya, na kwamba mbebaji wake ni panya wa porini aitwaye kwa jina la kisayansi Peromyscus maniculatus. Madaktari wakawa na kirusi, lakini hawakuwa na jibu la swali lililowakera: kwa nini sasa?

Jibu lilikuwa kwenye madaftari ya Sevilleta, New Mexico, ambako wanaikolojia walikuwa wakinasa, kuhesabu na kuachia panya kwa miaka kadhaa bila kufikiria ugonjwa wowote. Takwimu zao zilionyesha kwamba baada ya mvua nyingi zilizoletwa na El Niño, chakula kiliongezeka jangwani na panya wakafurika. Panya wengi, hatari kubwa zaidi ya kukutana na mavi na mikojo yao ndani ya nyumba. Kisha likaja swali la pili: kirusi hiki ni kigeni? Hapo wakafungua majokofu ya makumbusho, wakatoa tishu za panya waliokusanywa miaka mingi nyuma kwa ajili ya kazi nyingine kabisa, wakazipima. Kirusi kilikuwemo. Kilikuwa kikiishi na panya hao muda wote, kabla mtu yeyote hajakipa jina.

Angalia ni nani alikuwa na nini. Hakuna ambaye angefika peke yake, na aliyegandisha zile tishu hakuwa na namna ya kujua atamsaidia nani. Tishu hizo zilikuwa na maana kwa sababu tu zilikuwa na lebo: spishi gani, wapi, lini. Bila lebo ni nyama iliyoganda.

Ushirikiano wa aina hii unavuka vizazi pia, na hapa wengi huteleza kwa kudhani ni jambo la watu walio hai pamoja kituoni. Karibu na Portal, Arizona, mwanaikolojia James H. Brown na wenzake walianzisha mwaka 1977 vitalu 24 vya mraba wa mita 50 kila upande, vilivyozungushiwa uzio wenye matundu. Katika baadhi yake matundu yalifanywa madogo ili panya-kangaruu, wale warukao kwa miguu ya nyuma, wasipite. Panya walikuwa wakinaswa kila mwezi karibu na mwezi mwandamo, kwa kuwa mbalamwezi inawafanya wajifiche. Baada ya miaka 12 ilionekana kwamba pale walipofungiwa nje panya-kangaruu, nyasi zimeanza kutwaa nafasi ya jangwa la vichaka. Mradi wa miaka mitatu usingeona lolote. Kazi hiyo iliendelezwa na watu wengine, na data zake ziko wazi kwa yeyote.

Ugomvi haukosekani, na kwa kawaida hauhusu panya. Unahusu nani achapishe kwanza, nani aitwe mwandishi, na sampuli zikishavuka mpaka ni mali ya nani. Hili la mwisho lilipata sheria yake: Itifaki ya Nagoya, mkataba wa kimataifa uliopitishwa 2010 na kuanza kutumika 2014, inataka nchi zenye rasilimali za kijenetiki, yaani viumbe na vinasaba vyao, ziombwe ridhaa na zipate sehemu ya manufaa. Mengine yanaamuliwa na waraka wa kurasa mbili ambao busara ni kuuandika kabla ya mtego wa kwanza kutegwa, wakati bado watu wanapendana.

Katika karatasi ya kituoni safu ya mwisho kulia huwa na herufi mbili au tatu: za jina la aliyempima mnyama. Zipo kwa sababu watu hawasomi mizani sawa. Mmoja hungoja panya atulie, mwingine hukisia sindano ya mizani ikiwa bado inacheza, na mchambuzi wa miaka 15 baadaye akikuta panya wa Machi ni wepesi kuliko kawaida, huangalia herufi hizo kabla hajalaumu ukame. Mara nyingi ni herufi za msaidizi yuleyule aliyeamka saa kumi usiku kwa miaka yote hiyo, na ambaye jina lake kamili halimo popote katika makala.